Nilivyocheka Jumatatu Ile

Kitahana, Kibondo
18 Agosti 2024

Kwako dada Zaitun,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kasulu, wewe na shangazi yako, na kwamba goti lake limepata nafuu. Sisi tuko hai. Mvua bado, vumbi linaingia mpaka kwenye mtungi, na mama yangu kila akisonga ugali anauliza lini utakuja kula naye. Namba yako ya simu ninayo, lakini haya siwezi kuyasema kwa simu. Ningesikia ukinyamaza, nami ningekata.

Najua umesikia huko sokoni kwamba kuna mtu wa kiwandani kwetu amekatwa na mashine ya kukuna muhogo. Anaitwa Leonidasi, wa Kagerankanda, baba wa watoto wawili, na siku za gulio alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyechukua nafasi yako ulipoondoka. Ilikuwa mwezi wa tano, asubuhi. Alikuwa anasukuma muhogo kwa mkono kama sote tulivyosukuma, ile ngoma yenye meno ikamvuta. Vidole vitatu vya mkono wa kulia, dada. Fidele ndiye aliyekimbia kuzima. Mimi nilikuwa nimeshika beseni, na watu waliniambia baadaye kwamba niliendelea kulishika mpaka bodaboda ilipokwisha kumpeleka hospitali.

Meneja wetu Bwana Sylvesta alisema ni uzembe wa mtu mwenyewe. Hata damu haikuwa imeoshwa. Siku ya tatu akaja Mama Shadia, mwenye kiwanda, akatukusanya akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kuiona hatari hiyo kabla. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na kila mmoja akatazama miguu yake. Ukimya ule unaujua. Ndio ule wa mikutano ya kila Jumatatu, Bwana Sylvesta alipokuwa akimsimamisha mwenye kusema neno na kumwuliza amesoma chuo gani. Mama Shadia hakuuliza mara ya pili. Alimtazama meneja wake, akatutazama sisi, na wiki iliyofuata Bwana Sylvesta hakuwepo.

Tangu hapo mama huyo anakuja mwenyewe kila Jumatatu. Anaketi juu ya gunia kati yetu. Alituambia kwamba hakuna atakayechekwa wala kufukuzwa kwa neno alilosema, na anayekosea akasema mapema atasaidiwa. Hatukumwamini. Jumatatu mbili alisema peke yake. Ya tatu akaanza kwa kosa lake mwenyewe: alisimulia kwamba mashine ile aliinunua bila mfuniko kwa kuwa alikuwa na haraka, na kwamba halali vizuri. Hapo ndipo Esteri alipofungua mdomo, akasema muhogo unaweza kukamuliwa kwa jeki ya gari badala ya kurundikiwa mawe. Tukajaribu. Kazi ya siku mbili sasa ni ya saa chache. Fidele naye akasema vichanja vya kukaushia vigeuzwe viufuate upepo. Kumbe watu walikuwa na haya yote vichwani miaka yote, dada, wakirudi nayo nyumbani kila jioni.

Sasa nifike kwangu.

Unakumbuka ulinionyesha kwanza mimi, kwenye karatasi ya daftari, ule mfuniko wenye tundu na kipande cha mti chenye mpini cha kusukumia muhogo, ili mkono usikaribie meno. Uliniomba nikuunge mkono kwenye mkutano, nikaapa kwa Imana, Mungu mwenyewe, kwamba nitasimama nawe. Bwana Sylvesta alipoinua karatasi yako juu na kuuliza kama sasa kiwanda kimepata injinia, aliyeanza kucheka ni mimi. Sio Fidele. Wewe ulimnunia Fidele mpaka siku unaondoka, naye hakujitetea. Nilicheka kwa sababu macho ya meneja yalikuwa yanatafuta nani yuko upande wako.

Hilo si baya kuliko yote. Jumatatu moja baada ya Esteri kusema, Mama Shadia alipouliza nani ana wazo la kuzuia ajali, nilisimama nikalieleza lako. Mfuniko, tundu, mti, mpini. Nikasema nimelifikiria mimi. Wote walijua, na hakuna aliyenipinga, maana kukutaja wewe kungekuwa kukiri kwamba tulijua. Fundi aliutengeneza kwa siku moja. Siku moja tu, Zaitun! Nikapigiwa makofi, nikafanywa msimamizi.

Nilivumilia wiki sita. Jumatatu iliyopita nikasimama tena nikasema wazo lilikuwa lako, na siku uliyolileta, na tulivyokufanyia. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Ila Leonidasi alikuwepo, Mama Shadia amempa kazi ya kupima magunia. Hakuwahi kuambiwa na yeyote. Akaniuliza polepole, "Kwa hiyo mlikuwa mnajua?"

Leonidasi akaweka kalamu juu ya mizani, akatoka, hajarudi tena. Juzi nilikwenda kwake. Mkewe alinipa kigoda, akanipa maji, akasema mume wake amesafiri kwenda Kakonko. Nilimsikia akikohoa chumbani. Nikamaliza maji, nikashukuru, nikaondoka.

Mama Shadia anaomba namba yako akuite urudi. Sijampa, kwa kuwa hujanipa ruhusa. Sikuombi msamaha, aliyestahili kuombwa kwanza amefunga mlango. Nimeona tu usiendelee kumchukia Fidele kwa kosa langu.

Mwambie shangazi namwombea. Mama yangu anakusalimu, hajui lolote kati ya haya. Ukiamua kuichana barua hii, ichane. Ukiamua kujibu, nitaisoma yote, hata kama ni matusi.

Ni mimi niliyekuwa rafiki yako,
Maximilla