Mkuu Hataki Pepe

Jumatatu, 4 Agosti

Chuo kizima kinategemea seva mbili kabatini, kiyoyozi kimoja na mimi. Humo nimegawa mashine pepe arobaini na moja, yaani kompyuta zisizoshikika, zinazoishi ndani ya seva: usajili, maktaba, matokeo. Leo nimempa Mkuu wa Chuo ya kwake. Kafoka! Eti pepe ni punje tupu, za kupepetwa ungoni. Yeye apewe kitu kizima, na memori mara mbili ya Naibu wake. Nimeeleza mpaka mate yamenikauka. Memori yote hiyo ya nini? Mtu anaandika barua tatu kwa wiki!

Jumanne, 5 Agosti

Nimechapa karatasi, "SEVA YA MKUU", nikabandika kwenye seva ya kwanza. Kaja, kaipapasa, karidhika. Pepe yake iko seva ya pili, lakini nani wa kumwambia? Nimecheka peke yangu. Akili ni mali.

Jumatano, 6 Agosti

Naibu naye kataka karatasi. Nimembandikia seva ya pili. Imejaa pomoni, na nusu ni memori ya Mkuu, imelala tu. Nimemwomba Mkuu anipunguzie. Kaniuliza nani kanituma.

Alhamisi, 7 Agosti

Kesho saa nne matokeo ya mtihani yanatoka. Mdogo wangu, anayesoma hapa hapa, kapata kazi, ila apeleke matokeo kesho hiyo hiyo kabla ya saa sita, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Kapiga simu mara tano. "Kaka, hakutakuwa na shida?" Nimemwambia alale, wingu la seva liko mikononi mwa kaka yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa nne kasoro robo — karibu skrini zote nyekundu! Nimekimbia chumba cha seva. Mlango wazi, nyaya zinaning'inia. Seva ya kwanza haipo, na matokeo yalikuwa yanaendeshwa humo! Wapagazi wanasema Mkuu ana wageni, kaagiza seva yake iletwe ofisini. Karatasi waliisoma vizuri.

Nimeikuta juu ya meza yake, wageni wanaipiga picha. Kompyuta yake inafanya kazi. "Mnaona? Za wengine zimekufa, yangu haiyumbi hata bila waya!" Nimenong'ona irudishwe. Kanitoa nje.

Saa tano unusu. Diski za matokeo hazikuwa ndani ya seva; ziko salama kabatini. Naweza kuyawasha kwenye seva ya pili, nikizima pepe ya Mkuu. Ataumbuka mbele ya wageni. Kibarua changu kitaota nyasi. Na karatasi ile, jamani, nilibandika mwenyewe!

Mdogo wangu kapiga tena. "Kaka, inazunguka tu." Analia.

Saa sita kasoro kumi. Mkuu kaniita nikawaeleze wageni siri ya seva yake. Nimesema naja. Kidole kiko kwenye ZIMA —