Uso Niliuficha, Mama Mkwe Akamtambua

Mshauri mpendwa,

Nimezoea kusoma matatizo ya wenzangu hapa huku nashona na kusema moyoni, "Huyu naye kajitakia," leo zamu imenifikia mimi, nisaidie. Mimi ni fundi cherehani, na tangu mwaka jana mimi na wanawake sita wa mtaani kwetu tumefundishwa kupiga video kwa simu, ili shida zetu tuzieleze wenyewe badala ya kungoja wageni waje na magari yao watuelezee, na ile video yetu ya mtaro wa shule ilipoonyeshwa tu mtaro ukazibuliwa ndani ya wiki mbili, basi kichwa kikanivimba, sikufichi.

Sasa tunatengeneza ya maji. Bomba la mtaa linafunguliwa na mtu mmoja wa idara ya maji, tunamwita Bwana Funguo, na kila mwanamke anajua kwamba ukimchekea ndoo zako zinajaa mapema na ukimkazia unasimama foleni mpaka jua likutoboe utosi, lakini hakuna anayesema hadharani. Mdogo wangu, tumbo moja, akakubali kusema. Nilimpiga video nyumbani kwake anakunja nguo, uso sikuuchukua, mikono tu, akaeleza jinsi Bwana Funguo alivyomwita kwenye chumba cha pampu eti akachotee humo, akafunga mlango, naye akapiga kelele mpaka yule bwana akafungua huku anacheka, "Nilikuwa nakutania tu." Mume wake hajui mpaka leo. Na maji anaendelea kuchota palepale, maana bomba ni hilo moja. Nilimwambia, "Usiogope, hutajulikana."

Kikundi chetu kina sheria kwamba aliyepigwa video anaitazama yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na akisema toa, inatolewa. Hapo ndipo nilipoharibu. Kila siku nilisema nitamwonyesha kesho, mara nina nguo za watu, mara simu haina chaji, lakini ukweli niliogopa atasema toa, kwa sababu nilipowaambia wenzangu nimepata mtu wa kusema walinipigia makofi, na wameshapanga video ionyeshwe Jumamosi kwenye ukuta wa shule, mtaa mzima uwepo na wakubwa wa idara ya maji wamealikwa.

Juzi nilikuwa naikata na kuiunganisha, mama mkwe akapita nyuma yangu, mama mkwe huyuhuyu ambaye kila siku ananiomba nimtungie uzi kwenye sindano, akatupa jicho mara moja akasema, "Mdogo wako ana nini, mbona analia?" Nikamuuliza amemjuaje. "Kwani nani mwingine anazipiga nguo kofi kila akimaliza kukunja? Na hiyo 'sasa basi' yake, nani asiyeijua?" Nikaizima simu.

Nikiitoa tunabaki na picha za foleni, na wakubwa watasema foleni ziko kila mahali, na nikiiacha, basi alikubali mwenyewe na fomu ya ruhusa ya kikundi alitia sahihi. Nampenda mdogo wangu, lakini siku hizi namkwepa. Nimwambie, au nikae kimya Jumamosi ipite, watu watasahau?

Fundi mwenye kamera

*

Fundi,

Pole. Nimeanza na pole kwa sababu nikitoka hapo nitakugombeza.

Kuficha uso kunamficha mtu kwa watu wasiomjua. Nyinyi mnawaonyesha majirani, na jirani anakujua kwa kikohozi, kwa kandambili, kwa pazia la mlango wako. Ukuta wa shule ungejaa mama wakwe mia mbili. Huyo wako amekuokoa, mshukuru, kisha mwombe waziwazi afunge mdomo, hasa kwa shemeji yako. Habari hiyo ni ya mdogo wako, na mumewe ataambiwa siku atakayotaka yeye.

Fomu iweke kando, usiniletee. Alitia sahihi kwa ahadi uliyompa, na ahadi yenyewe haipo. Kuhusu sheria yenu, hukuisahau, uliikwepa, na umekiri mwenyewe, kwa hiyo sitakutwanga zaidi. Ila kazi mnayoifanya inasimama kwa sheria hiyo. Ukiiondoa, una tofauti gani na wale wageni wa magari?

Leo hii, kabla hujagusa cherehani, nenda kwa mdogo wako wakati mumewe yuko kazini. Mpe simu aishike yeye. Atazame mpaka mwisho, usimkatize, usimweleze habari za makofi. Kisha mwambie alichosema mama mkwe, neno kwa neno, na umwombe radhi. Akisema futa, futa mbele ya macho yake, kila nakala, bila kununa. Akitaka iwafikie wakubwa lakini si mtaa, ifungieni kwa neno la siri, muende naye mkaombe kumwona mkubwa wa kike ofisini, mlango umefungwa na wewe ukiwa pembeni yake. Lakini achague yeye, na akichagua kunyamaza, hajakuangusha.

Wenzako waambie kwamba ushuhuda ule hautakuwepo Jumamosi, na kosa ni lako. Watanuna, watapoa. Bado mna siku kadhaa. Pigeni picha za saa ambazo bomba linafunguliwa na saa zilizoandikwa kwenye ubao wa idara. Pigeni picha na ule mlango wa chumba cha pampu, na muwaulize wakubwa mbele ya mtaa kwa nini mtu mmoja ana funguo peke yake na nani anamkagua. Swali hilo halimtaji mwanamke yeyote, na bado litamtoa jasho anayehusika. Dai lenu liwe moja tu, funguo zishikwe na kamati ya wanawake wa mtaa.

Mwisho, nimeisoma barua yako mara mbili. Kila mstari ni Jumamosi, ukuta, wakubwa, makofi. Mdogo wako anachota maji kesho asubuhi, kwa mtu yuleyule, na tangu akueleze hayo hujaniandikia kwamba umewahi kwenda naye hata mara moja.

Chukua ndoo yako, fundi. Simu iache nyumbani.