Viazi Viwili vya Asubuhi

Edinah uko? Usinipigie, bado niko hapa soko ya Rodi na watu wananiangalia. Nimeaibika yawa!

Si watu wa hospitali walileta hema ya kupima sukari bure. Walitangaza mtu aje kama hajakula. Nikapanga laini.

Sista akanidunga kidole. Kamashine kakasema 14. KUMI NA NNE Edinah, na eti mtu hajakula hafai kupita sita!! Akaniuliza, "Mama, umekula leo?"

Nikasema sijakula kitu. "Kitu kabisa?" Kabisa. Nimekunywa tu uji, na viazi vitamu viwili.

Laini yote ikacheka! Sista naye akacheka, akashika kichwa, "Na hicho si chakula?" Sasa wewe niambie, kwetu nani huita viazi chakula? Kama hujaona ugali, hujakula. Na uji haukuwa hata na sukari! Akasema mwili haujui hayo, uji na viazi vyote vinageuka sukari vikifika tumboni, inaingia kwa damu.

Hapo hata mimi nikacheka. Kumbe ni viazi tu.

Halafu akauliza, "Ulikula saa ngapi?" Saa kumi na mbili, kabla nifungue kibanda. Akaangalia saa yake. Ilikuwa saa tano.

Hakucheka tena. Akaniambia polepole, mwili ukiwa sawa, sukari ya saa kumi na mbili saa hii imeshatoka kwa damu. "Yako bado inazunguka, mama." Amesema nirudi kesho bila kula kitu, hata chai.

Edinah, unakumbuka mama yetu kabla wamkate mguu? Yeye pia alikuwa anasema ni viazi tu.