Mtoto Aliyekataa Kulala Ndani

Section 58, Nakuru

Kijana wangu Kibet,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe mwana wa marehemu ndugu yangu. Mko aje huko? Kile kifua cha mama yako kimepungua? Mbuzi wamepata majani? Mimi niko imara. Baridi ya Nakuru ikinipata inageuka, inaenda kutafuta mtu mwingine. Kazi ya kulinda ploti naifanya na rungu peke yake. Juzi nyani wa mbugani alininyang'anya chapati. Nilimtazama tu. Akairudisha, na kabla ya kunipa akaipangusa. Uliza mtu yeyote hapa.

Sasa, dereva wa lori la mbuzi ameniambia unataka kubadilisha ndama wako na bunduki. Mambo kama hayo hayaongewi kwa simu, ndiyo maana nimempa huyo huyo dereva barua. Najua utasema, "Ankal, mimi si mwizi, ni ya kulinda boma." Ngoja kwanza nikuambie habari ya mama mmoja hapa. Na mimi sisifu watu ovyo, kwa kawaida ni watu wananisifu mimi.

Anaitwa Mama Shiro. Amepanga chumba kwa hii ploti na anauza viazi sokoni. Huko sokoni kulikuwa na kasichana kanalala nyuma ya magunia, jina Chepkemoi, mtoto mdogo kabisa. Kalipelekwa makao ya watoto, kakatoroka. Kakapelekwa tena, kakatoroka tena. Watu wakasema hao ndio chokoraa, wakishaonja barabara hawataki nyumba. Mama Shiro akakashika mkono, akakaleta kwake.

Jioni wakakula vizuri. Giza lilipoanza kuingia, mtoto akabeba blanketi, akatoka, akajilaza nyuma ya tangi la maji. Majirani wakaanza: "Si tulikuambia, Mama Shiro? Huyo hata umpe kitanda cha gavana, ataruka dirisha!"

Nikainama, nikamuuliza kwa lugha yetu, "Mami, mbona hulali ndani?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Ndani ndiko wanapiga."

Kibet, wewe umeelewa. Ni mtoto wa upande wetu. Bunduki za wezi wa mifugo zikisikika, akina mama huko hutoa watoto wakalale kichakani, kwa sababu nyumba ndiyo hupigwa risasi kwanza. Kwao walichelewa kutoka. Akabaki peke yake, akapanda lori la makaa mpaka huku. Na kule makao, watu wazuri kabisa, walikuwa wanamfungia na kufuli ili asipotee. Kufuli!

Nikamtafsiria Mama Shiro, mtu ambaye hajawahi kusikia risasi maisha yake. Akaingia ndani, akarudi na godoro lake, akalitandika kando ya mtoto. "Sogea, mami. Hata mimi nalala hapa."

"Na mvua ikija?" jirani akamuuliza.

"Si nitanyeshewa."

Na ilikuja. Mimi ndiye nilifunga turubai juu yao, na nilifunga vizuri mpaka injinia mmoja akaomba nimfundishe. Lakini kulala kwa simiti na mgongo umebeba viazi mchana kutwa, hiyo singeweza. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe ni damu yangu. Huyo mama akawa anavuta godoro kidogo kidogo kuelekea mlango. Wakafika barazani. Wakafika mlangoni, vichwa ndani, miguu nje. Wiki jana wamelala ndani, mlango wazi, mimi nimekaa hapo na rungu. Halafu juzi nikasikia mlango unafungwa. Asubuhi nikamtania Mama Shiro, "Kwani baridi imekushinda?"

"Si mimi," akasema. "Ni yeye alifunga."

Nilienda nyuma ya tangi nikajifanya naangalia mfereji.

Watu wa mji wanataka kanjo, hao askari wa jiji, wawazoe watoto wa barabarani kama takataka. Mimi nasema waulize kwanza ni nini kiliwatoa kwao. Na serikali ikisema rudisheni bunduki, naunga mkono, hata mkiniita mwoga. Unasema yako ni ya kulinda. Jirani wa ng'ambo ya mto akisikia umenunua, atanunua, na yake pia itakuwa ya kulinda. Hata ile iliyopiga nyumba ya Chepkemoi, mwenyewe alisema hivyo hivyo, usinidanganye. Wacha bunduki ibebwe na askari wa akiba, ambaye yake imeandikwa na inajulikana. Wewe fuga ndama.

Usinijibu juu ya bunduki. Nijibu hii moja: watoto wako wanalala wapi? Ikiwa ni kichakani, wapandishe hilo lori uje nao. Mama Shiro amesema godoro ni pana.

Nisalimie mama yako, na yule mzee wa kanisa anayependa hadithi zangu, na mke wako. Kama ni yeye anakusomea, hapo penye watoto asome polepole.

Ni mimi, ndugu ya baba yako,
Ankal Kiprop