Kompyuta Iliyokuwa Ikiniita Dada

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tu wazima, Mungu ametutunza. Goti la mama limepata nafuu, anakusalimu sana. Kazi ya kuchapa inakwenda.

Ule mfumo wa bure ulioniwekea kwenye kompyuta, ukabadilisha maneno yake yawe ya Kiswahili kwa ajili yangu, niliufuta. Wateja walinitania: "Mama, hii kompyuta umejitengenezea jikoni?" Nikaona aibu. Fundi akaniwekea ule wa kulipiwa, lakini nakala ya wizi. Ndio ninaochapia mahubiri, na moyo unanisuta.

Juzi jirani yetu mzee, mgonjwa sana, alinitajia kwa simu maneno ya kuwaaga wanawe niyachape, polepole, akivuta pumzi. Nilipomaliza, kompyuta iliniuliza kitu kwa Kiingereza. Nikabonyeza tu, yote yakapotea. Nilikimbilia kwake, nikakuta hawezi tena kusema.

Ule mfumo wako ungeniuliza, "Dada, umehifadhi kweli?" Nami nilikuwa naujibu kwa sauti, "Nimehifadhi, baba, acha kelele."

Kesho mke wa mzee anakuja kuchukua karatasi. Nitamwambia ukweli. Niombee, kisha uje uniwekee tena ule wako.

Dada yako akupendaye