Karatasi ya Majina Msikitini

Mjukuu wangu Swafiya,

Nakusalimu kutoka Bondeni. Sote tu wazima, ila babu yako na goti lake bado hawajapatana. Waniuliza kama huko ofisini kwenu mbandike hadharani majina ya wanaopata mbolea ya ruzuku. Mwanangu, hapo umenitatiza.

Nilipokuwa kigori, serikali iligawa miche ya minazi bure, na karani akabandika karatasi ya majina ukutani mwa msikiti. La baba lilikuwamo, kwa shamba letu la Likoni. Mama akaona tumevuliwa nguo. "Nenda kaibandue," akaniambia. "Msaada husitiriwa."

Nikaibandua. Nyumbani tukaisoma yote, na juu ya jina la baba tukakuta la Mzee Athmani, muuza vitambaa wa Ndia Kuu, asiye na shamba hata la mchicha. Tungemsema vipi, na karatasi tumeiiba sisi?

Jioni alipita kwetu, uso umemnawiri. "Aliyeibandua ile karatasi," akasema, "Mungu amsitiri."

Mama akaitikia, "Amin."

Mpaka leo sijui ile amin ilimsitiri nani.

Bibi yako