Kidari cha Bata Mzinga na Dirisha Nililolifunga

Shume, Lushoto

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, na dada Hadija akusomee polepole. Miguu inaendeleaje? Na bibi, kikohozi kimempungua? Sisi tu hai, na neno hilo siku hizi nalitamka kwa uzito wake.

Uliponipigia juzi nilikwambia mjukuu na somo yako Asumini ana mafua. Nilikudanganya, mama. Mdomo uligoma.

Jumapili ile jirani yetu, Mama Nuru, alikuwa na sherehe ya kipaimara cha binti yake. Wao ni Walutheri, lakini aliniita nimchinjie bata mzinga ili na sisi tule. Nikachinja, naye akatukatia kidari kizima. Mkweo Rehema akakipaka siagi, vitunguu saumu, ndimu na pilipili manga. Oveni hatuna, kwa hiyo akasema atakioka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama wewe unavyooka mkate wa kumimina. Alitaka kuokea nje, barazani. Mimi nikakataa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, na baridi ya huku wewe hujaiona. Nikaingiza jiko sebuleni, nikafunga mlango na dirisha tupate joto.

Nyumba ilinukia vizuri mno. Asumini akalala mkekani, karibu na jiko. Kichwa kikaanza kunigonga, nikadhani ni njaa. Rehema akasema anasikia kichefuchefu, akainuka aigeuze nyama, akaanguka. Nikataka kumshika, miguu ikakataa. Nikamwita mtoto, hakuitika. Nikajikokota hadi alipo, nikamtikisa. Amelegea, mama, kama nguo iliyoloa. Nilikuwa namwona, na nguvu za kumwinua sina.

Mama Nuru alikuwa anatuletea viazi. Alibisha hodi, kimya, akausukuma mlango. Alimtoa Asumini akamlaza kwenye nyasi, akarudi kumburuta Rehema, kisha mimi. Nikamsikia akisema, "Mwalimu, jiko la makaa haliwekwi kwenye nyumba iliyofungwa. Hewa yake huioni, na inaua."

Bodaboda wakatukimbiza kituo cha afya. Mtoto akavalishwa kifaa cha oksijeni, uso wote ukafunikwa. Nilikaa pale nikimtazama kifua kama kinapanda. Alasiri akafumbua macho, akatapika, akaanza kulia. Sijapata kukishukuru kilio kama kile. Muuguzi alinieleza wazi kwamba tungekaa mle ndani kidogo zaidi, tusingetoka.

Sasa anacheza, anakula, daktari amemruhusu. Mimi ndiye sijapona. Darasani nafungua madirisha yote, wanafunzi wanalalamika baridi. Nyumbani Asumini akisinzia tu namwekea kidole puani nisikie pumzi. Kile kidari hatukukila. Mama Nuru alisema nyama haina kosa, lakini Rehema alishindwa hata kufunua sufuria.

Mpe bibi shikamoo yangu. Msalimie mjomba Saidi na korosho zake. Kaka Athumani, kwa kuwa anauza makaa hapo sokoni, namwomba awaonye wateja wake kila anapowafungia mfuko.

Na kama hasira zitakupanda, mama, nielekezee mimi. Rehema alitaka kupikia nje.

Mwanao anayekuomba radhi,
Bakari